Kisahani na Ungo

Galula ni mahali pa joto. Mtu ashukaye kutoka Mbeya, ambako mwezi wa Julai watu huvaa makoti hata mchana, huvua koti lake njiani, na afikapo bondeni hutamani kuvua na shati. Kijiji kimekaa katika bonde la Rukwa, karibu na mto Songwe. Si Songwe ule wa mpakani umwagao maji yake katika ziwa Nyasa, bali Songwe wa pili, ushukao kulifuata ziwa Rukwa, ziwa lenye njia za kuingilia na lisilo na njia ya kutokea. Tangu mwaka 2016 nchi hiyo imo katika mkoa wa Songwe, uliokatwa kutoka mkoa wa Mbeya. Watu wake hulima mpunga, mahindi na ufuta, hufuga ng'ombe, na jioni huketi nje ya nyumba zao wakingoja upepo. Mgeni angeweza kutazamia kukuta mambo mengi huko, lakini gofu si moja katika hayo.

Walakini gofu ilifika Galula, ndani ya mfuko wa kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyerudi kwao likizo ndefu. Haikuwa gofu ya virungu na vijipira, ile idaiyo majani yaliyonyolewa kama kichwa cha askari. Ilikuwa gofu ya visahani. Mchezaji husimama mahali pa kuanzia, akarusha kisahani cha plastiki kuelekea kapu la chuma lililotundikiwa minyororo. Kiangukapo hukifuata, akarusha tena kutoka hapo kilipolala, hata kiingie kapuni. Mwenye marusho machache ndiye mshindi. Watoto wa kijiji hawakuhitaji maelezo marefu, maana kurusha mifuniko ya ndoo ni elimu waliyokwisha kujipatia wenyewe. Na kwa kweli mchezo huu una asili isiyopita mifuniko ya ndoo kwa heshima. Katika Marekani vijana walikuwa wakirushiana sahani za bati za kampuni ya waoka mikate iliyoitwa Frisbie. Mtu mmoja, Fred Morrison, akatengeneza sahani ya plastiki ya kuchezea, na mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ikaanza kuiuza. Ed Headrick wa kampuni hiyo hiyo ndiye aliyeweka uwanja wa kwanza wa kudumu wa gofu ya visahani huko California mwaka 1975, na baadaye akabuni kapu lenye minyororo. Aliupenda mchezo huo kiasi kwamba alipofariki mwaka 2002 majivu ya mwili wake yalichanganywa katika visahani, kwa wasia wake mwenyewe. Bibi wa kijana yule aliposimuliwa habari hiyo alitikisa kichwa, akasema kuwa watu wa huko hawana makaburi ya kutosha.

Kijana aliujua mchezo huu Dar es Salaam. Mwanafunzi mgeni kutoka Finland, nchi ambayo gofu ya visahani imeenea hata vijijini, alimwazima kisahani jioni moja katika uwanja wa chuo, naye akakirusha kikaenda kimenyooka, kikaelea kidogo, kikatua kwa adabu. Jambo hilo lilimwingia moyoni. Utotoni alikuwa mchezaji mzuri wa mpira, mpaka goti lake lilipoumia, na tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kutazama wenzake wakicheza. Sasa palikuwa na mchezo usiotaka mbio. Akaanza kutazama picha za mabingwa, usiku baada ya usiku, wakirusha visahani juu ya vilele vya misonobari hata vikapotea machoni. Hakuuliza kile kisahani cha mgeni kilikuwa cha aina gani. Aliuliza mabingwa hutumia kipi.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, nalo si kosa la kijana huyu peke yake. Anunuaye kitu kwa mara ya kwanza aghalabu hamnunulii yule mtu aliye naye nyumbani, yaani nafsi yake kama ilivyo. Humnunulia mtu anayemtarajia. Kijana aliagiza visahani vinne kwa mkono wa msafiri. Vitatu vilikuwa vya masafa marefu, na mkubwa wao ulikuwa Destroyer wa kampuni ya Innova, uzani wa gramu 175, jina lenyewe likitangaza maangamizi. Cha nne kilikuwa Aviar, kisahani cha kutilia kapuni, mnene wa ukingo na mpole wa sura; hicho alikichukua kwa kuwa muuzaji alimpunguzia bei mwenye kununua vinne. Alikitia chini kabisa ya mfuko.

Fedha ilikuwa ya ufuta. Bibi yake alikuwa ameuza magunia yake msimu uliotangulia, akamtumia mjukuu sehemu ya fedha hiyo pamoja na maneno machache: anunue vitabu. Kijana alijiambia kwamba vitabu vya maktaba vinatosha, na kwamba fedha iliyobaki angeirudisha mahali pake kabla ya mtu kuuliza. Hesabu za namna hii huwa sahihi sana usiku.

Asubuhi ya kwanza huko Galula alitoka mapema kwenda uwandani karibu na mto, mahali penye mchanga, nyasi kavu na mibuyu iliyosimama mbalimbali. Kapu hakuwa nalo. Akauchagua mbuyu mmoja kuwa lengo, na katika hilo hakukosea, kwa maana kabla ya kapu kubuniwa wachezaji wa kwanza nao walirushia miti na nguzo. Watoto kumi na zaidi walimfuata, na kati yao binti wa dada yake, msichana wa miaka kumi na mmoja. Kijana alishika Destroyer, akajipinda kama alivyoona mabingwa wakijipinda, akarusha kwa nguvu zake zote. Kisahani kilikwenda hatua arobaini hivi, kikainama upande wa kushoto kama mtu aliyeitwa jina lake, kikajibwaga mchangani. Alirusha tena. Kikaenda kushoto. Alijaribu kulenga kulia sana ili upotovu wa kisahani umrudishe katikati. Kikamkubalia mara moja na kumkatalia mara sita. Siku ya tatu kimojawapo cha masafa marefu kilikata kona kuelekea mtoni, na kwa kuwa visahani vingi vya namna hii huzama, Songwe ulikipokea bila kutoa risiti. Katika mto uelekeao ziwa lenye mamba, hakuna aliyejitolea kukitafuta.

Watoto walianza kupungua. Siku ya nne walibaki watatu. Mmoja wao alieleza wenzake, kwa sauti ya mtu aliyechunguza, kwamba mchezo ule ni wa watu wenye nguvu za pekee na kwamba mjomba hana. Kijana aliyasikia, akayaamini. Hilo ndilo baya kuliko kupotea kwa kisahani: alianza kudhani kwamba ile jioni ya Dar es Salaam ilikuwa bahati tu, na kwamba baada ya goti mkono nao umemkana.

Maelezo ya jambo lililokuwa likimpata yalikuwa yamechapwa juu ya visahani vyenyewe, lakini mtu asiyejua kusoma tarakimu zile huziona kama mapambo. Kampuni ya Innova, iliyoanza mwaka 1983 na kutoa kisahani cha kwanza chenye ukingo uliochongwa kukata hewa, hutumia tarakimu nne, na kampuni nyingine nyingi hufuata desturi hiyo. Ya kwanza ni ya mwendo, ya pili ni ya kuelea, ya tatu ni ya kugeuka kisahani kikiwa bado kina kasi, na ya nne ni ya kukengeuka mwishoni kasi iishapo. Destroyer ni 12, 5, kasoro 1, na 3. Aviar ni 2, 3, 0, na 1. Mwanafunzi akiona 12 karibu na 2 hudhani ameona alama za mtihani, na huchukua yenye 12. Kumbe tarakimu ya mwendo haisemi kisahani kitakupa kasi gani. Yasema kinakudai kasi gani. Ni deni, wala si zawadi. Asiyeweza kulilipa hukitumia kisahani katika sehemu moja tu ya maisha yake, ile ya mwisho, sehemu ya kukengeuka, na tarakimu ya 3 hufanya kazi yake tangu mwanzo wa safari.

Sababu yake ni hii. Kisahani kizungukacho ni pia. Kiendapo kwa kasi kubwa kitovu cha msukumo wa hewa hukaa nyuma ya katikati yake, na hewa hutaka kukiinamisha pua. Lakini kitu kizungukacho hakitii amri moja kwa moja, huitii kwa ubavu, na kisahani kilichorushwa kwa mkono wa kulia, kwa mtindo wa kawaida wa kufungua mkono kutoka kifuani, huinama kulia. Kasi ipunguapo kitovu hicho husogea mbele, amri hugeuka, na kisahani huinama kushoto. Mabingwa huutumia mgeuko wa kwanza na wa pili kama mtu aandikaye herufi ya S hewani. Mkono mchanga haufiki kamwe kwenye mgeuko wa kwanza. Hewa nayo ina neno lake: kadiri ilivyo nyepesi, ndivyo kisahani kinavyozidi ukaidi. Galula, ikiwa juu ya bahari kwa kadiri ya mita 800 na kuwa na joto lake, ina hewa nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Na lau kijana angepanda kwenda kurusha Mbeya, kwenye kadiri ya mita 1,700, Destroyer angemwonyesha ukaidi uliozidi huo.

Yote haya hakuyajua siku ya tano, alipoketi chini ya mbuyu ameuweka mfuko kando. Mpwa wake aliufungua mfuko bila ruhusa, akapekua hata chini, akatoa Aviar. Alisema kwamba hiki ni kama mfuniko wa ndoo ya bibi. Akasimama hatua ishirini kutoka kwenye mbuyu, akakirusha bila kujipinda wala kuvuta pumzi. Kikaenda kimenyooka, kikagonga gome kwa sauti nene.

Mjomba alikaa kimya, kisha akamwambia arudie, na safari hii ajihadhari maana mwishoni kitaangukia kushoto. Msichana akarudi nyuma hatua kumi, akarusha. Kikaenda sawa, na mwishoni kikaangukia kulia.

"Mjomba, umesema kushoto."

"Kwa kawaida ni kushoto."

"Basi hakijui kawaida."

Ilimchukua mjomba muda kutambua kwamba mtoto huyu alikuwa wa shoto, na kwamba kwa mtu wa shoto kisahani huzunguka kinyume na mambo yote hugeuka upande. Alikuwa ameishi naye nyumba moja likizo nyingi asiuone mkono wake. Jioni ile wale watoto wengine walirudi, wakapanga mstari kwa ajili ya kisahani kimoja, na Destroyer alikaa mfukoni.

Bibi naye alikuwa ameona. Alikuwa akipepeta mpunga uani, na kwa siku tano alikuwa akimtazama mjukuu wake akienda na mfuko na kurudi na uso mzito. Usiku ule, baada ya chakula, alimwita.

"Mjukuu wangu, nilete vile vitu vyako nivione."

Alivileta vitatu vilivyosalia. Bibi alivishika kimoja kimoja, akavigeuza kwenye mwanga wa taa, akapitisha kidole ukingoni.

"Hivi ni vitu vya bei?"

"Ndiyo, Bibi."

"Fedha ulipata wapi?"

Kijana hakujibu upesi, na kutojibu kukajibu. Bibi akakifungua kiganja chake juu ya Destroyer kama mtu atafutaye mahali pa kufunulia, akauliza kwa upole uliokuwa mgumu kuuvumilia kuliko kemeo: "Kitabu gani hiki, mjukuu wangu, kisichofunguka?"

Akakiri yote, hata habari ya kile kilichomezwa na mto. Bibi hakupiga kelele. Alinyamaza kwa kitambo, kisha akauliza jambo ambalo kijana hakulitazamia: mbona mtoto amepiga mti na yeye hakupiga? Kijana akaanza kueleza kwamba kile ni chepesi kutumia, hakiendi mbali, ni cha kumalizia tu. Bibi akamkata kauli, akamwonyesha nyungo zake zilizoegemea ukutani. Mkubwa ulikuwa wake mwenyewe. Wa kati ulikuwa wa mama yake kijana. Mdogo, uliokwisha kuchakaa ukingo, ulikuwa umefundisha wasichana wa nyumba ile mmoja baada ya mmoja. Alisema kwamba msichana anayepewa ungo mkubwa siku ya kwanza humwaga mpunga, na akimwaga mara tatu husema kwamba hajui kupepeta, na huenda akasema hivyo mpaka aolewe. Kumbe kupepeta kumo katika kifundo cha mkono, na kifundo hujifunza kwenye ungo kinaouweza. "Wewe ulijinunulia wa kwangu," akasema.

Mwanafunzi wa chuo kikuu alikwenda kulala akiwa ameipata kwa bibi yake, asiyejua Aviar ni nini, shauri ambalo walimu wa mchezo huu hutoa, nalo ni hilo hilo kwa maneno mengine. Aanzaye na awe na visahani viwili au vitatu, si kumi. Kimoja kiwe cha kutilia kapuni, na asione haya kukitumia uwanja mzima. Cha pili kiwe cha masafa ya kati. Akitaka cha tatu, kiwe cha mwendo wa 6 au 7, kilicho kitiifu, yaani chenye tarakimu ya tatu iliyo chini ya sifuri na ya nne iliyo ndogo. Leopard wa Innova, mwenye 6, 5, kasoro 2, na 1, ni mfano mwema. Kiwe chepesi, gramu 150 au zaidi kidogo, kwa kuwa kisahani chepesi hukubali kuelea kwa mkono usio na kasi, ingawa upepo utakichezea zaidi. Plastiki ya bei ndogo yamfaa: hushikika vizuri mkononi, na ikiparuzwa na mibuyu hailizi mtu sana, ijapokuwa katika jua la bonde la Rukwa hailazwi juu ya mwamba mchana kutwa ikabaki na umbo lake. Na kuhusu rangi, kijana angeweza kuandika sura nzima. Alinunua vya manjano kwa kuwa picha zilivionyesha vikimeremeta juu ya majani mabichi ya Ulaya. Katika nyasi za Galula mwezi wa Agosti kisahani cha manjano ni jani miongoni mwa majani. Waridi au buluu ingemwokoa saa nyingi za kutafuta.

Riadha ilikwisha kulikiri jambo hili zamani. Kisahani cha riadha, kile ambacho wanafunzi wa sekondari hukirusha katika UMISSETA, ni cha kilo 2 kwa wanaume na kilo 1 kwa wanawake, na kwa wavulana walio chini ya miaka 18 kipo cha kilo 1 na nusu. Wala hakuna mvulana aliyewahi kujiona amedhulumiwa kwa kupewa hicho. Uzito hujieleza wenyewe mkononi. Visahani vya gofu vina hila zaidi kwa sababu vyote, vikali na vipole, vinakaribiana uzito. Ukali wao umefichwa katika unene wa ukingo na katika tarakimu, na jicho lililokwisha kupenda halisomi tarakimu. Wauzaji nao husifu umbali, kwa kuwa umbali huuzika. Ni vigumu kumlaumu mtu kwa kuuza anachoulizwa.

Deni la ufuta lililipwa kwa jembe. Bibi hakutaka fedha, ambayo kijana hakuwa nayo. Alimpa kipande cha shamba akisafishe chote kabla ya mvua za Novemba, visiki na mizizi, naye akakisafisha mwezi wa Septemba, jua likimpiga mgongoni tangu asubuhi. Goti lilivumilia. Jioni alikwenda mtoni na Aviar, mpwa wake na umati wake, na kufikia mwisho wa mwezi alikuwa akiupiga mbuyu kutoka hatua hamsini mara nyingi kuliko alivyoukosa, kwa kisahani alichokitia chini ya mfuko. Kimoja cha masafa marefu alimpelekea yule mgeni kutoka Finland, akabadilishana naye kwa Leopard mwepesi wa rangi ya waridi aliyekwisha kuparuzika kote. Na hapo ndipo alipouliza, kwa kuchelewa mwaka mzima, kile kisahani cha jioni ya kwanza kilikuwa kipi. Akaambiwa kilikuwa cha kutilia kapuni.

Aliporudi chuoni aliacha Aviar mikononi mwa msichana. Destroyer naye alibaki, kwa kuwa bibi aligundua kwamba kipenyo chake, sentimita 21 na kitu, hukaa barabara juu ya mdomo wa mtungi wa maji ya kunywa, na ukingo wake ulioteremka huzuia vumbi kuliko mfuniko wowote aliowahi kuwa nao. Ndiko aliko mpaka leo. Msichana huteka maji, hufunika, na asemavyo mama yake, siku hizi hukawia kidogo kabla ya kufunika, akikipima kwa mkono wake wa kushoto.